Maagizo kwa Fundi Chilumba

Fundi, mifuko hii ya saruji irudishe dukani kwa Mkanapate.
Ya msingi imetosha. Juu ya msingi
nataka udongo wa shimo letu wenyewe,
ule mwekundu uliotia doa soksi zangu za shule
mpaka sabuni ya mche ikasalimu amri.

Ukanyage siku tatu. Usinidanganye kwa siku mbili,
nitajua kwa kisigino.
Samadi nimeipata kwa Wasukuma waliohamia bondeni:
nimelipia madebe matatu, wakaniongeza maziwa.
Nyasi zikatwe fupi, urefu wa kidole cha kati,
chako, si changu. Changu kimepinda
kwa miaka thelathini ya kuchoma watu sindano.

Wifi yangu Somoe alikuja jana, akasimama mlangoni,
viatu hakuvua.
"Kiinua mgongo chote kile,
unajijengea kichuguu?"
Kwake kuna vigae vinavyong'aa kama magamba ya samaki,
dari ya jipsamu yenye maua,
na Novemba, jua likishapanda,
wote tunahamia uani, tunajipepea na mifuniko ya ndoo.
Sikumjibu. Nilimpa kigoda.

Bati, sawa, nakubali.
Nyasi hazikingi maji, na huku juu Kitangari
maji tuliyabeba kichwani kutoka bondeni
hadi shingo zikawa na habari zake.
Weka mfereji, chimba kisima, kifuniko kiwe na kufuli.
Lakini kati ya bati na mianzi tandika nyasi nene,
mvua ije kwangu ikinong'ona.

Sebuleni usiweke dari.
Acha mianzi ionekane, pingili kwa pingili;
usingizi wa mstaafu ni mwembamba,
nitahitaji cha kuhesabu.
Miguu ya nguzo ipake mafuta ya ganda la korosho
mara mbili. Vaa glavu.
Yalimbabua mama viganja msimu mzima,
akibangua kwa malipo ya kilo.
Ukali uleule sasa umkute mchwa.

Mpingo sitaki. Waachie wachongaji, umebaki kidogo.
Rafu zote zitoke kwenye mkorosho wa baba,
ule ulioanguka siku isiyo na upepo.
Mbao yake inapinda, najua.
Iache ipinde. Naye alikuwa hivyo.

Dirisha la jikoni liwe chini, usawa wa mtu aliyeketi:
anayekuna nazi naye ana haki ya kuona njia.

Mtungi ukae kwenye kona ya vitundu,
pale upepo wa kusi unapoingilia.
Sakafu isugue kwa jiwe la mto
mpaka kivuli cha mkono wako kikutazame.
Jiwe ni la mama, la kulainishia vyungu.
Lirudi kwangu jioni ileile.

Umeniuliza habari ya ukuta wa chumbani.
Pale nataka chale za bibi,
zile zilizompanda shavuni, pembe ndani ya pembe.
Nilizipitisha kidole akisinzia,
nami nina miaka minne, labda mitano.
Picha hatuna.
Nimeuliza. Bi Nambunga anasema mistari mitatu.
Mdogo wake anasema minne, na nukta kidevuni.
Wakagombana, chai ikapoa,
kila mmoja akichora hewani juu ya shavu lake mwenyewe.

Basi chora mitatu, udongo ukiwa bado mbichi,
kwa ukucha, si kwa mwiko.
Nafasi ya wa nne iache wazi.
Mkono ukikuwasha, fundi,
nenda kwa Somoe, kamwombe chai.